Kumtafuta ndege mgeni adimu Nakuru na Kisumu, Oktoba hadi Aprili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mtu aliyesikia kwamba ndege asiyezoeleka ametua Nakuru, Elmenteita au upande wa Kisumu na anataka kwenda kumtafuta, au anayetaka kumtafuta wake mwenyewe. Tumetumia majina ya kisayansi ili uweze kuyakuta kwenye kitabu chochote cha ndege; mara nyingine tunaandika neno la pili peke yake, mfano minuta kwa Calidris minuta.

Msimu wenyewe ni lini hasa?

Ndege hawa wageni huzaliana kaskazini, kutoka Ulaya hadi Siberia, na baridi ya huko ndiyo inayowaleta kwetu. Wa kwanza hufika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Vitwitwi (ndege wa kingo za maji wanaokula topeni) wazima waliomaliza kuzaa huanza kuonekana mwisho wa Julai na Agosti, wengine wakiwa bado na mabaki ya manyoya ya kuzalia. Makinda ya mwaka huo hufuata Septemba na Oktoba. Bata wa kaskazini huchelewa, na wengi huonekana Novemba hadi Februari. Kuanzia Machi kila mmoja anakula kwa bidii ili anenepe kabla ya kuruka, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wameshaondoka.

Kwa ndege adimu, vipindi viwili vina faida. Oktoba na Novemba makinda yanayosafiri mara ya kwanza ndiyo hupotea njia kwa urahisi. Januari na Februari mvua za vuli zimekwisha, maji yanashuka, tope linafunuka na ndege wanajikusanya mahali pachache. Ukiwa na nafasi ya safari moja tu, iweke Februari.

Ni ndege gani anayehesabika kuwa adimu huku?

Si kila mgeni ni adimu. Calidris minuta, yule kitwitwi mdogo kabisa mwenye miguu myeusi, huja kwa wingi kila mwaka. Vivyo hivyo Calidris pugnax, Tringa glareola, Tringa stagnatilis, na bata Spatula clypeata mwenye mdomo kama upawa. Hawa ndio utakaowaona asubuhi nzima, na usipowajua vizuri hakuna adimu utakayemtambua.

Ngazi ya pili ni wale wanaokuja wachache wachache: Tringa erythropus, Calidris temminckii, Calidris subminuta, na bata Aythya fuligula. Ngazi ya tatu ndiyo inayowatoa watu Nairobi usiku wa manane: ndege aliyepaswa kuwa bara jingine. Mfano tutakaoutumia sana hapa ni Calidris melanotos. Huzaliana kwenye tundra (nyanda baridi zisizo na miti) za Siberia, Alaska na Kanada, na wengi wao huenda kukaa Amerika Kusini. Kenya ina rekodi zake chache. Tumemchagua kwa sababu makazi anayoyapenda yapo huku tele, na kwa sababu anafanana mno na ndege wa kawaida. Ndege wa aina hii hupita mbele ya watu wakamhesabu pamoja na wengine.

Phalaropus lobatus ana hali yake ya pekee. Baharini, mbali na pwani ya Kenya, ni wa kawaida, lakini akionekana kwenye ziwa la bara ni habari ya kupigiana simu. Utamjua kwa kuwa huogelea huku akizunguka papo hapo na kudonoa juu ya maji.

Nianzie wapi nikiwa Nakuru?

Tafuta tope kwanza, ndege baadaye. Kitwitwi kama minuta ana mguu wa sentimita 2 hivi kutoka kifundo hadi vidole; maji yakizidi hapo hali vizuri. Tope likikauka na kufanya ganda, mdomo haupenyi. Kinachobaki ni ukanda mwembamba, mara nyingi wa mita chache tu, mlaini, unaong'aa, wenye mabuu ya visubi ndani yake. Ziwa likishuka, ukanda huo husogea wiki hadi wiki. Likipanda, hutoweka kabisa, kwa sababu maji yanafika kwenye nyasi na miti bila kuacha ufuo.

Ndivyo ilivyokuwa Ziwa Nakuru. Maji yalianza kupanda karibu mwaka 2010, yakameza lango kuu la zamani pamoja na sehemu za barabara ya kuzunguka ziwa. Migunga iliyokufa ikabaki imesimama majini. Maji yalipoongezeka, magadi yalipungua nguvu, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua nao, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosifu fuo pana nyeupe pande zote yasikupangie safari. Uliza langoni ni barabara zipi zinapitika wiki hiyo.

Ndani ya mbuga, kagua midomo ya mito. Njoro huingilia upande wa kaskazini-magharibi. Makalia na Nderit huingilia kusini. Mto huleta udongo, udongo hupunguza kina, na hapo ndipo tope hupatikana hata ziwa likiwa limejaa. Upande wa kusini ardhi ni tambarare yenye nyasi fupi. Mvua ikiacha madimbwi pale, usiyapite kwa mwendo wa gari, kwani melanotos na subminuta hupenda kingo zenye nyasi na maji kidogo kuliko ufuo mtupu.

Elmenteita iko kilomita 30 na kitu ukielekea Nairobi. Ni ziwa la kina kifupi, na mara nyingi huwa na tope wakati Nakuru halina. Sehemu kubwa ya ufuo imo ndani ya hifadhi ya Soysambu, ambayo ina ada yake.

Halafu kuna mabwawa ya majitaka, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuona kinyaa. Maji yake hayana magadi mengi, wadudu ni tele, na bwawa moja likitolewa maji ili lisafishwe, tope lake huwa bora kuliko la ziwa zima. Ruhusa iombwe kwenye ofisi za kampuni ya maji siku ya kazi, kabla ya safari. Mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukuruhusu hata akitaka. Tembea juu ya tuta tu. Ganda la juu la bwawa lililokauka hukubeba hatua mbili, ya tatu linapasuka. Usile chochote humo, na uoshe mikono na viatu kwa sabuni ukitoka.

Na nikiwa Kisumu?

Usiende Dunga ukitarajia tope. Kinamasi cha Dunga ni cha mafunjo, na kinajulikana kwa wakazi wake wa kudumu kama Laniarius mufumbiri na Cisticola carruthersi. Kwa wageni wa kaskazini, boti ya Dunga ni ya kukagua shakwe na buabua: Larus fuscus, Chroicocephalus ridibundus, Gelochelidon nilotica, Chlidonias leucopterus. Hupumzika juu ya nguzo za nyavu, boti zilizofungwa na mafungu ya gugu maji yanayoelea. Kagua kila mmoja, maana shakwe adimu hukaa katikati ya wenzake bila kujitenga.

Tope la Kisumu liko mashambani. Skimu ya mpunga ya Ahero, kilomita 25 hivi kutoka mjini, hutumia maji ya mto Nyando. Shamba la mpunga hubadilika kila baada ya wiki chache, na ndege hufuata mabadiliko hayo. Likishalimwa na kutiwa maji, trekta au ng'ombe wakivuruga udongo, vitwitwi hujaa. Miche ikiwa chini ya urefu wa kiganja bado wapo. Mpunga ukifika gotini hawaonekani tena, isipokuwa wachache wanaojificha kingoni. Ukianza kuiva, vijana wa kuwinga ndege wanakuwa shambani kutwa na kombeo na madebe kwa ajili ya kweleakwelea, na kila chenye mabawa kinakimbia. Baada ya mavuno, maji yakisimama kati ya mabua, vitwitwi hurudi.

Vitalu havilimwi siku moja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkulima si "ndege wako wapi?" bali "Shikamoo mzee, ni bloku gani inayotiwa maji wiki hii?" Atakujibu mara moja, kwa kuwa ni jambo analolijua kwa tarehe. Ukiamkia kwa "oyawore", salamu ya asubuhi ya Kijaluo, mazungumzo yatakwenda haraka zaidi. Tembea juu ya matuta na usikanyage miche. Ukisikia kwamba kuna dawa ya kweleakwelea inayonyunyiziwa, ahirisha, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa binadamu pia.

Je, misituni na kwenye nyasi hakuna adimu?

Wapo. Nyasi fupi za Nakuru na Soysambu hupata ndege wawindaji Circus macrourus na Circus pygargus wakipepea chini chini, na pengine Charadrius asiaticus mahali palipochungwa sana. Lakini msituni Kakamega mgeni adimu huonekana kwa bahati tu. Hakuna namna ya kupanga safari ya kumfuata. Maji yanakusanya ndege, msitu unawatawanya.

Nitamtofautishaje melanotos na wale wa kawaida?

Hapa usiharakishe. Ndege wanne ndio husababisha taarifa nyingi za uongo.

Wa kwanza ni pugnax jike. Ni mkubwa kidogo, sentimita 22 hadi 26, wakati melanotos ni 19 hadi 23. Pugnax ana shingo ndefu, kichwa kidogo, na kifua cha rangi ya kahawia au kijivu kinachofifia taratibu kuelekea tumboni. Kwa melanotos michirizi ya kifua ni myembamba, imesongamana, na hukoma ghafla kana kwamba imekatwa kwa rula, mara nyingi ikichongoka kidogo katikati. Chini ya hapo ni weupe mtupu. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta kabla ya nyingine yoyote, na ili uione vizuri ndege lazima akukabili. Ukimwona ubavu tu, subiri ageuke.

Miguu huwachanganya watu. Ya melanotos ni ya manjano au manjano-kijani. Ya pugnax mzima huwa ya rangi ya chungwa, lakini makinda yake yana miguu ya kijani-manjano, na makinda ndiyo mengi Oktoba. Juu ya hayo, tope hufunika mguu wote ukaonekana mweusi. Usiamue kwa miguu peke yake.

Wa pili ni Tringa glareola, ambaye pia ana miguu ya manjano. Huyu ni mwembamba, miguu yake ni mirefu zaidi, mgongo una madoa meupe, nyusi nyeupe ndefu, na akiruka utaona weupe juu ya mkia. Melanotos ana mstari mweusi katikati ya sehemu hiyo, weupe uko pembeni tu. Pugnax naye akiruka huonyesha mabaka mawili meupe makubwa yanayokaribia kukutana.

Wa tatu ni Calidris subminuta, ambaye kwa manyoya ni kama melanotos aliyepunguzwa. Ana sentimita 14 hivi, sawa na minuta. Akiwa peke yake kwenye dimbwi, bila ndege mwingine karibu, jicho haliwezi kupima ukubwa, na teleskopu huzidisha kosa. Subiri jirani yeyote atembee karibu naye. Naye akiwa subminuta, furahi vilevile.

Wa nne ni Actitis hypoleucos, na huyu hana udhuru: anatikisa mkia wakati wote, na weupe wa tumbo hupanda mbele ya bega.

Sikiliza pia. Pugnax karibu hasemi kitu akiruka. Melanotos akishtuka hutoa "trrrt" ya chini yenye mkwaruzo. Ndege aliyeruka kimya hajathibitisha chochote, lakini aliyelia hivyo anastahili kufuatwa.

Mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini, na kitako cha mdomo ni cha rangi hafifu kuliko ncha. Kinda lina mistari miwili myeupe mgongoni, na utosi wenye wekundu wa kutu.

Nahitaji vifaa gani?

Darubini ya 8x42 (ukuzaji mara 8, kioo cha milimita 42) inatosha kwa mengi. Ya 10x42 huvuta karibu zaidi lakini hutetemeka mkononi ukiwa umechoka. Kwa vitwitwi, bila teleskopu utarudi na mashaka. Yenye kioo cha milimita 65 hadi 80 na ukuzaji wa 20 hadi 60 ndiyo inayofaa. Kazi kubwa hufanyika kwenye 25 au 30. Ukipandisha hadi 60 saa tano asubuhi, utakuza mvuke wa joto tu.

Stendi ya miguu mitatu iwe nzito. Upepo wa mchana wa Ziwa Viktoria hutikisa stendi nyepesi kiasi kwamba miguu ya ndege haionekani; ning'iniza begi katikati yake. Ndani ya mbuga ya Nakuru stendi haina kazi sana kwa sababu unakaa garini. Tumia mfuko wa kitambaa uliojazwa kilo moja au moja na nusu ya mahindi, uuweke juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu, uegemeze teleskopu hapo. Zima injini. Hata mtu wa kiti cha nyuma akijigeuza, picha inaruka, kwa hiyo kubalianeni kukaa tuli.

Ukirudi kutoka ufuo wa Nakuru au Elmenteita, suuza miguu ya stendi kwa maji matamu usiku huo huo. Magadi hula skrubu.

Nguo: Nakuru iko mita 1,750 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Januari huwa nyuzi 10 hivi. Beba sweta. Kisumu, mita 1,130 hivi, beba kofia, maji lita mbili na dawa ya mbu. Malaria ya huko si ya kudharau, zungumza na daktari mapema kama unatoka mahali pasipo na malaria. Shati jeupe liache nyumbani.

Niende saa ngapi?

Lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jua huchomoza baada ya hapo kidogo. Kuanzia hapo hadi saa tatu na nusu ndiyo kazi. Kaa upande wa mashariki wa ziwa asubuhi, ili jua liwe mgongoni mwako na liwaangaze ndege. Ukikaa magharibi, utaona vivuli vyeusi vitupu. Jioni geuza: magharibi ndiko penye mwanga mzuri, kuanzia saa kumi.

Kuanzia saa nne joto hupanda kutoka kwenye tope na kila mguu huonekana ukicheza. Tumia saa hizo kula, kuhama mahali, au kukagua bata, ambao ni wakubwa vya kutosha kuvumilia mvuke huo.

Kisumu ina sababu nyingine ya kuwahi. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, maji yametulia. Mchana hugeuka, mawimbi huja, gugu maji husukumwa kuelekea ufuo na linaweza kufunga njia ya boti kwa nusu saa. Ngurumo za alasiri nazo ni kawaida. Toka na boti saa kumi na mbili na nusu, uwe umerudi saa nne.

Kundi lina ndege mia nne wanaofanana. Nalikagua vipi?

Kwanza hesabu, hata kwa makadirio ya kumi kumi. Kuhesabu hulazimisha jicho lipite juu ya kila ndege, na asiye wa kawaida hujitokeza bila kutafutwa. Anza kushoto kabisa, sogeza teleskopu kulia kidogo kidogo, kila picha ikirudia theluthi ya ile iliyotangulia. Ukifika mwisho, rudi kutoka kulia, maana waliokuwa wamekupa mgongo sasa wamegeuka.

Katika mzunguko wa kwanza usiangalie manyoya. Angalia ukubwa, mkao na mwendo: nani anakula polepole wakati wenzake wanakimbia, nani yuko kwenye nyasi wakati wengine wako majini, nani ameinua shingo peke yake. Mzunguko wa pili ni wa miguu na kifua. Ukipata wa kushuku, usiondoe jicho kwenda kuangalia kitabu. Soma sura yake kwa sauti na mwenzako aandike. Mtu akifungua kitabu kwanza, huanza kuona kile alichokisoma.

Mwewe au kozi akipita na kundi zima likaruka, usikate tamaa. Mara nyingi hutua tena ndani ya dakika kumi, na wakati wanazunguka angani una nafasi ya kuona mabawa na kiuno. Wakishatua, anza tena kutoka kushoto. Mpangilio wa kwanza umeshavunjika.

Naweza kushuka garini ndani ya mbuga?

Kwenye maeneo ya pikniki na sehemu za kutazamia mandhari zilizowekwa alama, ndiyo. Ufuoni, hapana. Nyati hulala kwenye matete ya kingo na hawaonekani mpaka uwe umewakaribia, na simba na vifaru wamo pia. Kwenye jabali la nyani funga vioo kabla ya kufungua mkate.

Ada hulipwa kwa eCitizen. Lipa usiku uliotangulia na uhifadhi risiti kwenye simu, kwani mtandao ukisumbua langoni utapoteza saa bora ya asubuhi. Raia na wakazi waje na kitambulisho. Tuktuk na boda boda za mjini hazitakufikisha ufuoni. Kodi gari, na ikiwezekana lenye paa la kufunguka.

Kuhusu boti, nikague nini?

Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, la saizi yake, limefungwa kabla ya kuondoka. Bei ipatanwe kwa saa na kwa boti nzima, na mwambie nahodha mapema kwamba utataka azime injini mara kwa mara. Kundi la waongozaji wa ndege la Kisumu, Lake Victoria Sunset Birders, lina watu wanaojua vichochoro vya Dunga, na mwongozaji mmoja ana faida kuliko lenzi ya gharama. Viboko wapewe nafasi kubwa. Nahodha akisema tusiingie, usibishane naye.

Askari au wananchi wakiniuliza juu ya teleskopu?

Watauliza. Stendi yenye bomba refu, asubuhi na mapema, inaonekana vibaya kwa mtu asiyeijua. Usiielekeze kamwe kwenye kambi ya jeshi iliyoko Lanet wala uwanja wa ndege wa Kisumu, hata kama ndege ametua uani kwao. Mahali penye makazi, pitia kwa chifu au mzee wa nyumba kumi kwanza. Na anayekuuliza mpe nafasi achungulie. Maswali mengi huishia hapo.

Droni iache kabisa. Inahitaji vibali, na inatimua kundi lote.

Nimemwona. Nifanye nini?

Usimsogelee. Piga picha kutoka pale ulipo, hata kama ni mbaya. Simu juu ya teleskopu inatosha: weka ukuzaji wa chini kabisa, subiri duara la mwanga lijae, kisha piga video ya sekunde ishirini badala ya picha moja. Video humnasa akigeuka, akikuna bawa, akilia. Utatoa picha tulivu baadaye.

Kisha andika papo hapo, kabla ya chai: tarehe na saa, mahali na namba za GPS, umbali, mwanga ulitoka upande gani, vifaa, ulimtazama kwa muda gani, alikuwa na ndege gani, ukubwa wake ukilinganishwa nao, mdomo ukilinganishwa na urefu wa kichwa, miguu, kifua, mgongo, sauti. Mwisho, kwa nini si pugnax. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayosomwa kwa makini.

Taarifa naipeleka wapi?

Ndege wa kawaida na wa adimu wote waingie Kenya Bird Map kupitia programu ya BirdLasser. Mradi huo umegawa nchi katika miraba ya dakika 5 za latitudo na longitudo, yaani kilomita 9 kwa 9 hivi. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, na unaweza kuiongezea hadi siku tano. Kwa ndege wa ngazi ya tatu, tuma maelezo na picha kwa kamati ya rekodi adimu za Afrika Mashariki kupitia Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909. Wakirudi na maswali usichukie; hata waliobobea huulizwa.

Programu ya simu imesema ni melanotos. Inatosha?

Haitoshi. Programu za picha hukisia kwa kutumia pia mahali na tarehe, kwa hiyo kwa ndege aliyepotea njia zinaweza kukosea pande zote mbili: kumwita adimu jina la kawaida, au kumwita pugnax kinda mwenye tope jina la adimu. Itumie kukukumbusha wa kulinganisha nao.

Nimefika, hayupo. Nisubiri au niondoke?

Inategemea tope. Likiwa bado zuri na kundi bado lipo, subiri. Kitwitwi aliyepata chakula anaweza kukaa wiki kadhaa, na huenda yuko nyuma ya tuta la pili. Kama mvua imenyesha usiku na ukanda umefunikwa, usikae pale kwa heshima ya ujumbe wa jana. Nenda kwenye tope jingine lililo karibu. Kutoka Nakuru, Elmenteita ni safari ya chini ya saa moja. Kukimbia hadi Ahero kupitia Kericho, kilomita 150 na zaidi, ni uamuzi wa siku nyingine.

Nitangaze mahali alipo?

Kwa mgeni wa tope asiye na kiota huku, kwa kawaida hakuna ubaya, mradi mwenye shamba au mwenye bwawa amekubali watu waje. Machi na Aprili punguza msongamano. Ndege anayejaza mafuta kwa safari ya maelfu ya kilomita akitimuliwa mara sita kwa asubuhi moja, anakula nusu ya alichohitaji. Usimchezee sauti yake kwa spika.

Mtu mgeni kabisa ajifunzie wapi?

Januari kila mwaka kuna hesabu ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na wanaojitolea hukaribishwa. Uliza Nature Kenya au KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwezi mmoja kabla. Utapewa kundi, sehemu ya ufuo na mtu anayejua. Asubuhi moja ya kuhesabu minuta hufundisha mengi kuliko kitabu.

Nimekuta ndege mwenye pete mguuni, au aliyekufa?

Pete ya rangi kwenye ndege hai: andika rangi, mguu gani, juu au chini ya kifundo, na herufi zote ulizoweza kusoma, hata zikiwa mbili. Picha kadhaa za pembe tofauti husaidia. Peleka kwa Makavazi ya Kitaifa, kitengo cha ndege, au kwa Nature Kenya.

Ndege mfu usimguse kwa mkono mtupu, kwa sababu ya homa ya ndege. Ukimwona mmoja mwenye pete, piga picha ya pete akiwa pale pale na umgeuze kwa kijiti usome upande wa pili. Wakiwa wengi wamekufa mahali pamoja, usiwasogelee. Wajulishe KWS au ofisi ya mifugo ya kaunti, utaje mahali, idadi na aina, na usiende kwenye mabanda ya kuku siku hiyo kabla ya kubadilisha viatu.